Shoti ya umeme katika ufungaji wa bodi mama

Shoti ya umeme katika ufungaji wa bodi mama ni hitilafu inayotokea pale sehemu mbili za bodi mama ya kompyuta zisizopaswa kugusana zinapounganishwa na kitu kinachopitisha umeme, kama vile skrubu, bati la kasha au pini iliyopinda. Mkondo hupita njia hiyo fupi badala ya kupitia vifaa uliokusudiwa kuviendesha. Kompyuta hushindwa kuwaka, au huwaka kwa nukta moja na kuzima.

Mara nyingi hitilafu hii haimaanishi kwamba bodi imekufa. Ikiwa ilianza siku bodi ilipofungwa, chanzo chake kwa kawaida ni mguso ndani ya kasha, na mguso huo ukiondolewa mapema bodi hufanya kazi tena. Jambo hili lina uzito katika miji iliyo mbali na masoko makubwa ya vipuri, kama Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi nchini Tanzania. Huko bodi iliyotupwa bila kupimwa ni hasara ya fedha na ya siku nyingi za kusubiri nyingine.

## Maana ya neno shoti

Katika Kiswahili cha kila siku neno "shoti" hutumika kwa mambo mawili tofauti, na mchanganyiko huo huwapoteza wanaotafuta hitilafu.

* Shoti ya saketi ni mguso wa njia mbili za umeme zenye volti tofauti, ambao hufanya ukinzani kati yake ukaribie sifuri. Makala hii inahusu shoti ya aina hii.
* Kupigwa shoti ni umeme kupita katika mwili wa mtu. Huweza kutokea hata pale ambapo saketi za kompyuta hazina shoti yoyote.

Mfano wa kawaida ni kasha la kompyuta linalomtekenya mtu vidole akiligusa. Wengi hudhani bodi mama inagusa bati. Kwa kawaida sababu ni kukosekana kwa waya wa ardhini (ethi) kwenye soketi ya ukutani. Pawa saplai nyingi zina kapasita ndogo za kuchuja umeme, zilizounganishwa kati ya nyaya mbili za umeme mkubwa na bati la kasha. Bila ethi, bati hilo hubaki na volti zinazokaribia nusu ya umeme wa ukutani, yaani karibu volti 115 pale umeme unapokuwa wa volti 230. Bisibisi ya testa ikiguswa hapo huweza kuwaka. Mkondo wenyewe ni mdogo, lakini dawa yake ni kutengeneza ethi, si kubadilisha bodi. Adapta ya pini mbili inayotumiwa kuchomeka plagi ya pini tatu huleta hali hiyohiyo, kwa kuwa hukata njia ya ethi.

## Jinsi shoti inavyofanya kazi

Kanuni ya Ohm inaeleza kwamba mkondo ni sawa na volti zikigawanywa kwa ukinzani. Njia ya volti 12 ikiguswa na bati, na ukinzani wa mguso ukawa ohm 0.1, mkondo unaotakiwa kupita ni ampea 120. Pawa saplai ya kawaida ya kompyuta ya mezani haiwezi kutoa kiasi hicho. Nyingi zina saketi ya ulinzi inayotambua hali hiyo na kuzima ndani ya muda mfupi sana. Ndiyo maana feni hutikisika kidogo na kusimama. Baadhi ya pawa saplai hubaki zimejifunga hata baada ya mguso kuondolewa, mpaka waya wa ukutani uchomolewe kwa dakika moja hivi.

Pawa saplai za mtindo wa ATX, uliotangazwa na Intel mwaka 1995, hutoa volti +12 (waya wa njano), +5 (mwekundu), +3.3 (rangi ya chungwa), −12, na +5 ya kusubiri (zambarau). Waya mweusi ni wa ardhi ya saketi. Katika baadhi ya pawa saplai mpya nyaya zote ni nyeusi, na pini hutambuliwa kwa nafasi zake.

Volti +5 ya kusubiri huwapo kwenye bodi muda wote waya wa ukutani ukiwa umechomekwa, hata kama kompyuta imezimwa. Skrubu ikidondoka juu ya bodi wakati huo, au RAM ikichomolewa, shoti huweza kutokea ingawa mashine inaonekana imelala.

## Visababishi

### Vinguzo vya kubebea bodi

Bodi mama haikai moja kwa moja juu ya bati la kasha. Hubebwa na vinguzo vidogo, mara nyingi vya shaba-njano, vinavyoacha nafasi kati ya bati na ncha za lehemu zilizo upande wa chini wa bodi. Makosa huwa ya aina mbili. La kwanza ni kusahau vinguzo kabisa, bodi ikalala juu ya bati. La pili, ambalo hutokea zaidi pale bodi mpya inapowekwa katika kasha la zamani, ni kuacha kinguzo mahali ambapo bodi mpya haina tundu. Kinguzo hicho hugusa ncha za lehemu kutoka chini na hakionekani bodi ikishafungwa.

Bodi ya ATX ina ukubwa wa milimita 305 kwa 244, Micro-ATX ni 244 kwa 244, na Mini-ITX ni 170 kwa 170. Matundu yake hayalingani kwa idadi. Kwa hiyo bodi huwekwa kwanza juu ya kasha bila skrubu, matundu yakahesabiwa, na kila kinguzo kisicho na tundu juu yake kikaondolewa.

Matundu mengi ya bodi yana duara la metali linalong'aa. Duara hilo limeunganishwa makusudi na ardhi ya saketi, hivyo skrubu kuligusa si shoti. Washa za karatasi zilizokuwa zikiwekwa hapo zamani hazihitajiki kwenye matundu ya namna hiyo.

### Bamba la nyuma na skrubu zilizodondoka

Bamba jembamba linalozunguka matundu ya USB, mtandao na sauti lina ndimi ndogo za metali. Ulimi mmoja ukiingia ndani ya tundu la USB au la mtandao badala ya kukaa juu yake, unaweza kugusa pini zenye umeme. Skrubu iliyopotea wakati wa kazi nayo hutafutwa mpaka ipatikane. Ikiwa haionekani, kasha huinamishwa na kutikiswa taratibu kabla ya umeme kurudishwa.

### Soketi ya prosesa

Tangu soketi ya Intel LGA 775 ya mwaka 2004, pini za prosesa nyingi za kompyuta za mezani zimehamia kwenye bodi. AMD ilifuata njia hiyo kwa soketi ya AM5 mwaka 2022. Pini hizo ni laini na hupinda zikiguswa na kidole au prosesa ikidondokea juu yake. Pini mbili zikigusana huleta shoti, au hufanya nafasi moja ya RAM isitambulike. Grisi ya joto yenye chembe za metali, ikimwagika nje ya prosesa, huleta tatizo la aina hiyo. Bamba la metali la kushikia feni ya prosesa kwa chini huhitaji kihami kati yake na bodi.

### Nyaya za mbele ya kasha

Plagi ya USB ya mbele huwa na tundu moja lililozibwa ili isiingie kinyume. Makasha ya zamani yenye nyaya zilizotengana moja moja hayana kinga hiyo. Waya wa volti 5 ukichomekwa kwenye pini ya ardhi na wa ardhi kwenye pini ya volti 5, umeme hupata njia kupitia bati la kasha. Nyaya za swichi ya kuwashia hazina upande maalumu. Za taa zikigeuzwa, taa haiwaki tu.

### Pawa saplai isiyolingana

Plagi ya kulisha prosesa na ile ya kadi ya grafiki hufanana kwa macho, lakini nafasi za volti 12 na ardhi zimegeuzwa. Kulazimisha moja iingie mahali pa nyingine huleta shoti ya moja kwa moja. Vivyo hivyo, nyaya za pawa saplai zenye kuchomolewa pande zote mbili zisihamishwe kutoka pawa saplai moja kwenda nyingine ya muundo tofauti, hata kama plagi zinaingia.

Kompyuta za ofisi zilizotumika, zinazouzwa kwa wingi Afrika Mashariki, zina mambo yake. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 hutumia plagi kuu ya pini 8 badala ya 24, na HP EliteDesk 800 G1 hutumia ya pini 6. Makasha ya aina hii mara nyingi yana vinguzo vilivyobonyezwa kwenye bati lenyewe, visivyofunguka. Bodi ya kawaida ikifungwa humo, vinguzo hivyo huweza kuigusa mahali pasipostahili.

### Vumbi, unyevu na wanyama wadogo

Vumbi kavu halipitishi umeme kwa urahisi, lakini likifyonza unyevu huanza kupitisha. Mende, sisimizi na mijusi kafiri huingia kupitia matundu ya kadi yasiyozibwa kwa nyuma, na miili yao huweza kuunganisha njia mbili za umeme.

## Dalili

| Dalili | Maana inayowezekana |
|---|---|
| Feni hutikisika mara moja na kusimama | Ulinzi wa pawa saplai umekata. Shoti kwenye njia ya volti 12, 5 au 3.3 |
| Hakuna lolote, hata taa ya kusubiri haiwaki | Shoti kwenye volti 5 ya kusubiri, pawa saplai mbovu, au waya wa ukutani |
| Huwaka na kuzima baada ya sekunde 4 hivi | Kitufe cha kuwashia kimenasa ndani. Kwa kawaida si shoti |
| Feni huzunguka lakini hakuna picha | RAM, plagi ya umeme wa prosesa, au pini za soketi |
| Swichi ya nyumba (breka) huanguka | Hitilafu upande wa umeme mkubwa, ndani ya pawa saplai au kwenye waya. Si bodi mama |
| Harufu ya kuungua au moshi | Kifaa kimeharibika. Umeme ukatwe mara moja |

Mstari wa breka unastahili kuzingatiwa. Shoti ya bodi mama kwa kawaida haiangushi breka ya nyumba, kwa kuwa pawa saplai huzima kwanza.

## Utaratibu wa kutafuta shoti

Kanuni ya msingi ni kuanza na lililo rahisi kuondolewa na kubadilisha kitu kimoja kwa wakati.

1. Kuondoa umeme. Waya wa ukutani huchomolewa, kisha kitufe cha kuwashia hubonyezwa kwa sekunde kadhaa ili kumaliza umeme uliobaki kwenye kapasita za bodi.
2. Kuangalia kwa macho. Tochi hutumika kutafuta skrubu, ndimi za bamba la nyuma, plagi zilizokaa upande na alama za kuungua.
3. Kujaribu pawa saplai peke yake. Ikiwa nje ya bodi, kipande cha waya huunganisha pini ya waya wa kijani (pini 16 ya plagi ya ATX yenye pini 24) na pini ya waya mweusi. Feni au diski kuu ya zamani huchomekwa iwe mzigo. Pawa saplai nzima itawaka, na volti zake zisipishane na kiwango kwa zaidi ya asilimia 5: 11.4 hadi 12.6 kwa njia ya 12, na 4.75 hadi 5.25 kwa njia ya 5. Jaribio hili halifai kwa pawa saplai zisizo za ATX.
4. Kutoa bodi nje ya kasha. Bodi huwekwa juu ya ubao mkavu au boksi la karatasi ngumu. Mfuko unaong'aa ambao bodi huuzwa nao haufai kuwekwa chini yake ikiwa na umeme, kwa sababu una tabaka la metali.
5. Kuwasha na vichache. Hubaki prosesa na feni yake, RAM moja, plagi kuu na plagi ya prosesa. Bodi huwashwa kwa kugusisha kwa nukta moja pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi. Pini hizo huoneshwa kwenye kitabu cha bodi au huandikwa PWR kwenye bodi yenyewe.
6. Kuamua. Bodi ikiwaka nje na kukataa ndani, kosa liko kwenye kasha: vinguzo, bamba la nyuma, au nyaya za mbele. Isipowaka nje, RAM huhamishwa au kubadilishwa, betri ya CR2032 na kipachiko cha kufuta kumbukumbu za BIOS hukaguliwa, kisha prosesa hutolewa na pini kuangaliwa.
7. Kurudisha kimoja kimoja. Kila kifaa kinachorudishwa hufuatiwa na jaribio la kuwasha, umeme ukikatwa kila mara kabla ya kuchomeka kingine.

Hatua ya 4 ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa inahitaji kufungua kila kitu. Hata hivyo ndiyo inayotenganisha kosa la ufungaji na ubovu wa bodi.

## Vipimo kwa maltimita

Maltimita hutumika bodi ikiwa haina umeme kabisa. Ncha nyeusi huwekwa kwenye duara la metali la tundu la skrubu, na nyekundu kwenye kila pini ya umeme ya plagi kuu. Namba huanza chini na kupanda taratibu kadiri kapasita zinavyojaa. Hiyo ni hali njema. Namba ikibaki karibu na sifuri hata ncha zikibadilishana, kuna shoti kwenye njia hiyo. Ukinzani wa nyaya za maltimita yenyewe, ambao hupimwa kwa kugusanisha ncha zake, hutolewa kwenye hesabu.

Sauti ya mlio peke yake haitoshi kuhukumu bodi. Koili zilizo kando ya soketi ya prosesa huweza kuonesha ohm chache tu, au pungufu ya moja, bila ubovu wowote, kwa sababu prosesa yenyewe ina ukinzani mdogo. Bodi nyingi nzima hutangazwa mbovu kwa kosa hili. Ikiwa plagi ya volti 12 ya prosesa inaonesha sifuri, prosesa hutolewa na kipimo kurudiwa. Ikibaki sifuri, inayoshukiwa ni transista ya kudhibiti umeme iliyo karibu na soketi, na kuibadilisha ni kazi ya fundi mwenye mashine ya hewa ya moto.

Kipimo kifanywe pia bodi ikiwa ndani ya kasha na kisha nje. Njia iliyosoma sifuri ndani na mamia ya ohm nje inaonesha wazi kwamba bati ndilo lililokuwa likigusa.

## Hali katika Mpanda na Mkoa wa Katavi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Mpanda iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na vifaa hufika kwa barabara au kwa tawi la reli linaloanzia Kaliua. Kwa umbali huo, kupima kabla ya kuagiza bodi nyingine ni sehemu ya gharama ya matengenezo.

Kwa miaka mingi mji huo ulipata umeme wa jenereta za dizeli za TANESCO zilizokuwa nje ya gridi ya taifa. Mradi wa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ulibuniwa ili kuunganisha mkoa na gridi. Vijijini, kompyuta nyingine huendeshwa kwa sola na inveta au jenereta ndogo, ambazo mara nyingi hazina ethi. Hivyo kutekenywa na kasha hakupaswi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa shoti ya bodi.

Majira nayo yana sehemu yake. Katika kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba hivi, hewa ni kavu na vumbi ni jingi. Umeme tuli hujikusanya mwilini kwa urahisi na unaweza kuua chipu bila cheche kuonekana. Fundi hugusa bati la kasha kabla ya kushika bodi na hushika bodi kwa kingo zake. Masika yakianza karibu na Novemba, vumbi lililolala kwenye bodi hukutana na unyevu, na radi huongeza hatari kwa vifaa vilivyochomekwa. Usafi wa kasha mwishoni mwa kiangazi, kwa brashi laini na hewa, huzuia sehemu ya hitilafu hizo.

Kompyuta zilizotumika zinazotoka Marekani zinahitaji uangalizi wa ziada. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi nyuma ya kuchagua volti 115 au 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230, pawa saplai hulipuka papo hapo. Mlipuko huo haupaswi kuhesabiwa kuwa shoti ya bodi mama kabla bodi haijajaribiwa kwa pawa saplai nyingine.

## Usalama

Pawa saplai isifunguliwe na asiye fundi. Kapasita zake kubwa huhifadhi umeme wa takriban volti 320 hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo unaweza kuua. Kompyuta iliyotoa moshi isiwashwe tena "kujaribu", kwa kuwa kila jaribio huongeza uharibifu. Fyuzi ya plagi iliyoungua hubadilishwa kwa fyuzi ya kiwango kilekile, si kwa kipande cha waya. Kazi ya kurekebisha ethi ya jengo ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Bodi iliyothibitika kuwa imekufa ina risasi na metali nyingine zenye sumu, hivyo haifai kuchomwa wala kutupwa shambani. Soketi, koili na viunganishi vyake huweza kutolewa na kutumika kwenye matengenezo mengine, na bodi yenyewe hufaa kufundishia wanafunzi namna ya kupima.